Herufi za Idarusi

Ngamiani, Tanga
9 Oktoba 1997

Mpwa wangu Shaib,

Assalaam alaykum. Sisi huku wazima, mwilini angalau, na uzima huo huo tunakuombea wewe na zaidi. Mama yako Wanu yuko Maramba na shamba lake. Alinipitia wiki jana na mihogo, akanikalia kutwa akinisimulia kuku wake walioibwa. Dada yako Sabiha kajifungua mtoto wa kike, wamemwita Thuwaiba. Mama mkwe wangu, Bi Mwanaima, yupo. Macho yanazidi kufifia lakini ulimi hauna maradhi yoyote. Anasema ukimaliza kuchuma huko Dubai urudi uoe hapa, usije ukatuletea mtu tusiyejua hata kumwamkia.

Sasa nije kwenye lililonikalisha. Ule mzigo wako umefika: kisahani cha mfumo mpya wa kompyuta, na vile vipande vya kuongezea ndani ya mashine. Ahsante, Mungu akuzidishie. Nimeviweka juu ya kabati vimefungwa vilevile. Naviogopa.

Hali ya duka unaijua. Tangu marehemu mume wangu Idarusi atangulie, mwaka wa pili huu, nachapa kwa mfumo aliouacha yeye, ule wa kioo cheusi na maandishi ya kijani. Zamani mtaa mzima tulikuwa peke yetu. Leo ruhusa ya biashara hii imetolewa kwa kila mtu na kila kona ina duka la kuchapa. Shule na maofisi wanakuja na kazi zao kwenye disketi, zimeandikwa kwa mfumo mpya, na mashine yangu ikipewa haisomi. Inapiga mlio mmoja na kunyamaza. Mteja anachukua chake anavuka barabara kwa Sadalla, na Sadalla anampokea kwa soda.

Lakini mfumo huu wa zamani ndio wenye herufi za Idarusi. Wewe ulimwona alivyokuwa akikaa akizichora mle ndani, kitone baada ya kitone, mpaka kinachotoka kwenye printa kikawa mkono wake mwenyewe, ule wa zama zile alipokuwa akiandika kwa kalamu ya mwanzi, kabla vidole havijaanza kumtetemeka. Vitabu vyetu vya hitima vimesambaa mpaka Pangani na vyote ni mwandiko wake. Na Bi Mwanaima ameshaniusia, wala si mara moja: "Hasina, siku yangu ikifika, ule ukurasa wa mbele wa Yasini zangu, jina langu aliandike mwanangu."

Na jina la hitima, unajua mwenyewe, haliandikwi mtu akiwa hai. Ni kumwita mauti. Kwa hiyo siwezi kulichapa leo nikaliweka sandukuni. Ninavyomsubiri mama huyu, nasubiri na mashine yangu.

Niambie kweli, wewe uliye kwenye kazi hiyo. Nikiweka mfumo mpya, herufi zitabaki?

Shangazi yako,
Hasina

*

Deira, Dubai
30 Oktoba 1997

Shangazi yangu kipenzi,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma nikacheka peke yangu mpaka wenzangu chumbani wakaniuliza kulikoni. Mimi mzima. Joto limepungua, kazi ni nyingi, tajiri wangu ananitegemea sana. Mpe Sabiha hongera, nitamtafutia mtoto nguo. Bi Mwanaima mwambie nitaoa Tanga, achague yeye.

Shangazi, mfumo mpya usiuogope. Hapa dukani nawasikia wateja tangu asubuhi mpaka tunafunga. Kuna Muajemi mmoja wa mazulia, anasema tangu auweke hesabu zake anamaliza kabla ya adhuhuri, alasiri analala. Kuna Mhindi wa vitambaa, yeye mwanzo alikuja na hasira, anasema kipanya kinamkimbia mkononi, leo huwezi kumwambia kitu, amemnunulia mpaka shemeji yake. Mmoja tu kutoka Sharja aliurudisha akataka wa zamani. Tulimcheka. Rangi zake, shangazi! Kioo kinawaka kama bustani. Ukishauzoea utajiuliza ulikuwa ukiishi vipi.

Kuhusu herufi usiwe na wasiwasi. Mfumo mpya unabeba kila kitu cha zamani. Ndivyo tunavyowaambia wateja.

Mpwa wako,
Shaib

*

Ngamiani, Tanga
24 Novemba 1997

Mwanangu Shaib,

Salamu nyingi, zilizolowa kidogo. Mvua hii wanayoiita El Nino imetukamata, na ni mvua isiyojua kupumzika. Njia ya Pangani imekatika, basi la Dar linafika siku likitaka. Chumba cha uani kimevuja, nikamhamishia Bi Mwanaima kwangu. Mama yako mzima, ila mihogo imeoza shambani.

Shaib, sikukuuliza wateja wanasemaje. Wa kusema ninao tele hapa. Yudith, yule karani wa shamba la mkonge, mfumo huu waliwekewa ofisini mwaka jana. Anasema wiki ya kwanza alilia chooni, wiki ya pili aliomba likizo, na leo ukimrudishia kioo cheusi anaacha kazi. Msaidizi wa mwalimu mkuu anasema hauna maana yoyote, ni mapambo, mashine imekuwa nzito kama mtu aliyeshiba wali. Sadalla naye anausifu, lakini anausifu akiangalia wateja wangu. Na Bi Mwanaima, nilipomweleza, aliuliza swali moja tu: "Humo kwenye upya huo, Idarusi wamemwekea mahali?"

Ndilo swali nililokuuliza wewe.

Fundi wangu ni Fanueli wa Muheza, kijana mtaratibu, haropoki. Anasema mashine yetu ni ndogo, haiwezi kukaa na mifumo miwili. Wa zamani lazima ufutwe ndipo mpya uingie. Anasema maandishi ya kawaida atayahamisha. Herufi za marehemu hazijui, hajapata kuona kitu kama kile, lakini maadamu disketi alikozihifadhi tunazo, zikigoma ataurudisha mfumo wa zamani na zenyewe atazirudisha. Nikamwambia disketi zipo, ziko kabatini zilipokuwa siku zote.

Kuna shule imeniahidi mitihani yao yote kama nitaweza kusoma disketi zao ifikapo Januari. Nikiikosa kazi hii, nafunga duka. Fanueli atakuja katikati ya Desemba, kabla ya mfungo. Ukiona nakosea niandikie haraka unizuie. Nisipopata neno lako nitajua umeridhia.

Shangazi yako,
Hasina

*

Deira, Dubai
8 Desemba 1997

Shangazi,

Shikamoo. Samahani, leo salamu ni fupi. Mimi mzima na ninaomba nanyi wazima. Barua hii nampa Rama wa Ushongo, yule anayechukua redio huku, anasafiri Alhamisi. Kwa mvua hizo posta siiamini. Atakufikishia mkononi.

Nimempata mhandisi wa hapa dukani, nikamweleza habari ya herufi. Hakucheka. Alisema herufi alizojichorea mtu mwenyewe ndani ya mfumo wa zamani haziendi mfumo mpya. Zinabaki vyumba vitupu. Anasema kabla fundi hajagusa kitu chochote, disketi za marehemu zitazamwe kwanza kama ni nzima, zinakiliwe, na nakala ziwekwe nyumba nyingine kabisa. Ukiwa nazo, huna hasara hata wakifuta nini.

Kwa hiyo usimruhusu Fanueli aanze. Tafadhali shangazi. Kwanza disketi.

Shaib

*

Ngamiani, Tanga
27 Desemba 1997

Mwanangu Shaib,

Assalaam alaykum. Tunausubiri mwezi wa Ramadhani, na mvua bado. Mtoto wa Sabiha alikuwa na homa, sasa ananyonya vizuri. Mama yako kateleza kwenye tope la Maramba, mguu umevimba, si kitu cha kutisha.

Neno lako sikulipata. Nilingoja mpaka siku ile Fanueli alipofika na mfuko wake, nikamtuma mtu posta mara ya mwisho, hakuna. Basi nikasema umeridhia. Alifanya kazi kutwa nzima, umeme ukikatika anakaa, ukirudi anaendelea. Jioni kioo kikawaka ile bustani yako. Nikafungua Yasini. Shaib, zilitoka safu za vyumba vitupu, ukurasa baada ya ukurasa. Hapana alifu, hapana chochote.

Fanueli hakubabaika. "Mama, nipe disketi, naurudisha wa zamani sasa hivi."

Nikafungua kabati. Ile droo ilikuwa imefagiliwa, safi, na karatasi mpya imetandikwa. Nikamuuliza Bi Mwanaima. Akanijibu kwa furaha, kama mtu anayepokea sifa. Unajua kila Shaabani tunakusanya juzuu zilizochanika na kurasa za msahafu zilizochakaa, Mwalimu Uweso wa madrasa anazipitia nyumba kwa nyumba, akazitose baharini kwa heshima zake zisije zikakanyagwa. Mama alipokuwa akisafisha aliziona zile disketi. Lebo zake Idarusi aliziandika kwa mkono, kwa Kiarabu: Yasini, Tabaraka, Dua. Mama akaziweka karibu na jicho akazisoma. "Nikaona maneno ya Mungu yanalala na mende," anasema. "Na wewe ulishasema unaleta vipya. Nikampa mwalimu."

Nilikwenda kwa Mwalimu Uweso na kanga yangu moja, katika mvua. Alikuwa darasani. "Ndiyo, kanikabidhi mwenyewe," akasema. "Nilizitia kwenye gunia na juzuu mbovu, nikatia na mawe, nikazitosa Tongoni, penye kina." Kisha akaniangalia. "Kwani nimekosea?"

Hakukosea. Na mama hakukosea, ndivyo tulivyofunzwa wote. Fanueli aliniuliza nikamwambia zipo. Ningepata mtu wa kumgombeza ningepoa, lakini simpati.

Mama nimemficha. Hajui alichokitoa. Fanya uwezalo, mwanangu, wewe ndiye uliye karibu na wenye mashine zao. Mimi huku nimeshindwa.

Hasina

*

Deira, Dubai
22 Januari 1998

Shangazi,

Shikamoo, na saumu njema. Barua yako imenifikia jana na nimeisoma mara nyingi. Mguu wa mama unaendeleaje?

Shangazi, ina maana Rama hajafika? Nilimpa barua tangu Desemba, nilikwambia humo usianze. Nilikwambia disketi kwanza. Natamani ungekuwa karibu nikushike miguu.

Nimejaribu kumuuliza mhandisi kama zilizokwishazama zinaweza kusomwa. Alinitazama tu, akaenda zake. Je, hakuna nyumba yenye nakala? Marehemu hakumpa mtu yeyote?

Ananitafuta tajiri. Nitaandika tena.

Shaib

*

Ngamiani, Tanga
6 Februari 1998

Mwanangu,

Idd imepita salama, alhamdulillahi. Mama yako sasa anatembea na mkongojo na anaogopwa na mbuzi. Mvua zimeanza kupungua.

Rama kafika juzi. Alipitia Pemba kwa wakwe zake, harusi ikamshika, mfungo ukamkuta huko, vyombo vikawa havitoki kwa hali ya bahari, akaona bora ale nao Idd. Kanikabidhi barua yako mkononi, kama ulivyotaka, na halua juu yake. Niliisoma nimesimama mlangoni. Kila neno lilikuwa la kweli na la kazi, na halikuwa na faida yoyote tena. Nilimkaribisha chai. Yeye alikuwa anacheka na mimi nacheka.

Nakala hakuna. Idarusi hakumpa mtu. Alikuwa na wivu na herufi zake kuliko na mimi. Mwalimu Uweso, maskini, tangu ajue hali haimkai sawa. Ndiye aliyenishauri tuchukue kitabu cha zamani tukate herufi za jina kwa mkasi, tuzipange upya. Tulijaribu na jina la babu yake mwenyewe, aliyekwisha kufa, tuone litakavyokuwa. Lakini herufi hizi zinashikana mikono, ukiikata moja mwenzake anatoka damu. Lilitoka jina limevunjikavunjika. Tukalitazama, kisha mwalimu akalikunja akalitia mfukoni.

Jambo jingine, nalisema kwa upendo. Rama kanieleza kazi yako ya huko, kwamba unabeba maboksi kutoka stoo kwenda dukani, na mashine huruhusiwi kuzigusa. Kubeba si aibu, mwanangu. Ila mimi nilikuuliza wewe nikidhani nauliza fundi. Ungeniambia "shangazi, sijui", ningelikubali neno hilo kama ninavyokubali la Fanueli.

Sikukasirikii. Hasira za nini sasa. Bi Mwanaima ameanza kukohoa, na kila asubuhi ananiuliza, "Mashine ya Idarusi nzima?" Namjibu nzima, mama.

Shangazi yako,
Hasina

*

Deira, Dubai
15 Machi 1998

Shangazi yangu,

Shikamoo. Mimi mzima. Nasalimia wote, mmoja mmoja.

Uliyoyaandika nimeyasoma.

Nimesikia hapa kwamba iko mashine inayopiga picha ya maandishi na kuyaingiza kwenye kompyuta. Mhandisi anasema ukimpa vitabu viwili vitatu vya zamani, herufi moja moja inaweza kutolewa na kuchorwa upya, kila moja na sura zake za mwanzo, kati na mwisho. Ni kazi ya miezi. Hakusema ataifanya. Amesema tu kwamba inawezekana. Hivi sasa kasafiri, na sijui kama atarudi duka hili. Lakini nitumie vitabu. Nitamsubiri. Nikimkosa nitamtafuta mwingine. Mwambie Bi Mwanaima asubiri kidogo.

Wako,
Shaib

*

Ngamiani, Tanga
17 Mei 1998

Mwanangu Shaib,

Assalaam alaykum, na Mungu akupe subira, maana habari niliyo nayo ni ya msiba. Bi Mwanaima ametutoka Jumatano iliyopita, baada ya alasiri. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Kifua hakikumwachia tangu ile Idd ya kuchinja. Hakuteseka sana. Tulikuwepo, mimi na mama yako, na Sabiha alikuja na mtoto, na Bi Mwanaima alimshika mtoto kidole mpaka akasinzia.

Vitabu nilivyokutumia Aprili, kama vimekufikia, kaa navyo. Usiwasumbue tena hao mafundi.

Asubuhi ya siku ile aliniuliza swali lake. Nilimjibu vilevile. Akasema, "Basi sina shaka," akageukia ukuta. Nimebaki na jibu langu kifuani na sijui nitalipeleka wapi. Nilimdanganya mama wa watu mpaka saa yake ya mwisho, na mtu akiniuliza ningefanya nini kingine, sijui. Kweli sijui.

Ukurasa wake wa mbele niliuandika mwenyewe, kwa mfumo mpya. Fanueli alikuwa amenitilia herufi za Kiarabu zinazouzwa madukani, zinazotumika dunia nzima, na Yasini yenyewe nikaichapa kwa hizo hizo. Niliandika jina lake, la baba yake na la babu yake. Halikuchukua hata muda wa kunywa maji. Lilitoka jeusi, limenyooka, halina kosa. Nililitazama nikaona ni jina la mtu nisiyemjua.

Duka linakwenda, ukitaka kujua. Mitihani ya shule nimeichapa, na wengine wameanza kurudi. Yudith alisema kweli, mkono unazoea. Siku nyingine nachapa kutwa nzima bila kukumbuka kioo cheusi, na nikikumbuka najichukia.

Hitima ilisomwa Ijumaa. Watu walijaa mpaka barazani kwa jirani. Vitabu viligawiwa, na kila aliyefungua alisifu. Jinsi maandishi yalivyo safi, jinsi hata wazee wanavyoweza kusoma bila miwani. Mke wa imamu aliniuliza mashine hiyo nimeipata wapi. Sadalla alivuka barabara, na kanzu yake nyeupe, akanipa mkono wa pole akasema hata marehemu mume wangu, na ufundi wake wote, angeziona herufi hizi angezikubali. Nikamwambia ahsante. Nikamwagizia kahawa.

Kisha nikaingia ndani kwa wanawake, nikakaa na kitabu changu mapajani. Wote mle walimjua Idarusi. Wamezikana kwa mwandiko wake miaka yote hii, wameuweka chini ya mito yao wakati wa uchungu wa uzazi. Nikawa nawaangalia nyuso, Shaib, nikingoja mmoja, mmoja tu, ainue kichwa aseme haya si maandishi ya Idarusi. Walisoma mpaka mwisho, wakaitikia amina, wakaniomba vitabu vilivyobaki wakavitumie nyumbani.

Shangazi yako,
Hasina